Waliozama Nao Waliomba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Kiabakari hatulioni Ziwa tukiwa majumbani, lakini maisha yetu yamefungamana nalo. Samaki tunaokula watoka Musoma na Bunda, na anayekwenda kuzuru jamaa zake Ukerewe hushika njia ya Kisorya, akavuka kwa kivuko. Kwa hiyo msiba wa ziwani ni msiba wetu.

Siku ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, katika siku za mwanzo za Muharram ya mwaka 1417, meli ya MV Bukoba ilipinduka asubuhi ilipokuwa imeikaribia Mwanza. Iliondoka Bukoba jioni ya jana yake, ikapitia Kemondo. Ilitengenezwa kuchukua abiria 430, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi hicho. Ikaelea tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu hai waliosikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa bamba la meli ili wawatoe; hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, nayo ikazama. Idadi itajwayo mara nyingi ya waliokufa ni watu 894. Taifa likaomboleza siku tatu, na makaburi ya wengi wao yapo Igoma, Mwanza, hata leo.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, nasomesha watoto chuoni. Baada ya khitma tuliyowasomea marehemu, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe katika meli ile alinijia, akaniuliza: "Maalim, wewe hutufundisha kwamba mwenye dhiki akiomba kwa moyo wake wote, Mungu humjibu. Mwanangu alikuwa haachi sala. Wadhani hakuomba?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu, "Mama, subiri." Yeye sasa ametangulia mbele ya haki, na swali lake ningali nalo. Leo nataka kulijibu.

Ahadi haina shaka

Katika Sura ya 2, aya ya 186, Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba Yeye yu karibu na waja wake, na kwamba humwitikia mwombaji anapomwomba. Katika Sura ya 27, aya ya 62, anatuuliza ni nani mwingine amjibuye mwenye dhiki na kumwondolea taabu. Basi mama yule hakubuni jambo; alishika ahadi ya Mola wake. Lililobaki ni kujua ahadi hiyo hutimizwaje.

Manabii watatu

Tumtazame kwanza Nabii Yunus (A.S.). Wafasiri wanasema alikuwa katika giza tatu: giza la usiku, giza la bahari, na giza la tumbo la samaki. Humo alimpwekesha Mola wake na kukiri kosa lake mwenyewe. Akajibiwa, akatolewa katika huzuni. Na Qur'ani, Sura ya 21, aya ya 88, yatufahamisha kwamba namna hiyo ndivyo waokolewavyo waumini. Basi si fadhila ya Manabii peke yao.

Sasa tumtazame Nabii Nuhu (A.S.). Yeye alikuwa juu ya maji, salama ndani ya safina, na mawimbi yakaja baina yake na mwanawe. Katika Sura ya 11 tunasoma kwamba alimlilia Mola wake kwa ajili ya mwana huyo, akaambiwa asiombe asilolijua. Mwana akazama. Na Nuhu hakumwacha Mola wake. Aliomba msamaha na rehema.

Ndugu msomaji, simfananishi marehemu yeyote wa ziwani na mwana wa Nuhu, aliyeikataa imani. Nakuonesha moyo wa baba. Ukitaka mfano ulio karibu zaidi, mtazame Mtume wetu (S.A.W.), kipenzi cha Mwenyezi Mungu. Mwanawe mchanga Ibrahim alikata roho mbele yake, mwaka wa 10 wa Hijra. Macho ya Mtume yalitoka machozi, na ulimi wake haukutamka ila linalomridhisha Mola. Nani atasema kwamba dua ya Mtume ilikuwa dhaifu?

Namna tatu za kujibiwa

Imam Ahmad amepokea kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa Muislamu aombaye, pasipo kuomba dhambi wala kukata udugu, hupewa moja katika mambo matatu:

1. Hupewa alichoomba hapa duniani.
2. Au huwekewa akiba ya Akhera.
3. Au huepushiwa shari mfano wake.

Na katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, aliyekufa kwa kuzama amehesabiwa katika mashahidi. Basi ambaye hakutolewa majini hakutupwa.

Tarehe 20 Septemba 2018 msiba ulirudi. Kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka karibu na gati ya Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa ni zaidi ya 220. Siku mbili baadaye, wapiga mbizi walimtoa mhandisi wa kivuko hicho akiwa hai, katika sehemu iliyobaki na hewa. Tulipoisikia habari hiyo tulisema "Allahu Akbar", na tulisema haki. Lakini tusithubutu kusema kwamba yule aliomba na wale hawakuomba. Huko ni kumsemea Mwenyezi Mungu.

Kumfunga ngamia

Lipo jambo jingine lisilofaa kufichwa. Mtume (S.A.W.) alimwagiza bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu. Na katika Sahihi Muslim ametajwa msafiri aliyetimka nywele na kujaa vumbi, anainua mikono kuomba, ilhali chakula chake ni haramu na mavazi yake ni haramu; atajibiwaje huyo? Basi ajazaye chombo kupita kiasi kwa tamaa ya nauli, kisha akawaambia abiria, "Tumuombe Mungu tufike," ajiulize anaomba kwa mdomo gani. Na sisi abiria tunaosukumana kupanda chombo kilichokwisha kujaa, tujiulize vilevile.

Na tukifika salama, tusisahau. Sura ya 29, aya ya 65, yawataja watu wanaomwomba Mungu kwa ikhlasi wakiwa chomboni, kisha wakifika nchi kavu wakamshirikisha. Dua ya kweli haiishii gatini.

Mama yule lau angalikuwa hai, ningemwambia: Mama, tumdhanie Mola wetu mema. Mwanao alimwita aliye karibu, na aliye karibu husikia. Jibu lake sisi hatukuoneshwa, na siku moja utaoneshwa.

Ewe Mola wetu, warehemu waliozama, wape subira waliobaki, utusikie sisi tulio katika dhiki, na utujaalie kuridhika na jibu lako. Amin.