Porbandar: Kiti cha Jethwa na Watu Waliokitumikia

Rasi ya Kathiawar, magharibi mwa India, iligawanyika enzi za Waingereza katika tawala za kienyeji zaidi ya 200. Nyingi zilikuwa ndogo mno, mji mmoja na vijiji vichache. Porbandar ilikuwa na hadhi kuliko hizo. Mtawala wake alipigiwa mizinga 13 ya heshima, ingawa nchi yake yote haikupita sana ukubwa wa kisiwa cha Unguja, na hesabu ya watu ya mwaka 1901 ilikuta wakazi wapatao 82,000 tu. Ufalme wa kadiri hiyo hauwezi kujilinda kwa wingi wa askari. Porbandar ilidumu kwa sababu ya waliouhudumia, na kila kiti kilipowadhulumu watu hao, kiti chenyewe kiliyumba.

Waliotawala ni Wajethwa, mojawapo ya koo kongwe za Rajput katika rasi hiyo. Mapokeo yao yanaunganisha nasaba na Hanuman, shujaa mwenye umbo la nyani katika hadithi za Rama, kupitia mwanawe Makardhwaj. Ngome yao ya zamani ilikuwa Ghumli, chini ya vilima vya Barda, ambako magofu ya hekalu la Navlakha, la karne ya 12 hivi, bado yanaonyesha mawe yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Ghumli iliangushwa mwanzoni mwa karne ya 14 na wavamizi kutoka Sindh. Baada ya hapo Wajethwa wakawa watu wa kusukumwa. Walihamia Ranpur, baadaye majirani zao Wajadeja wa Nawanagar wakawamega sehemu kubwa ya ardhi, nao wakasogea Chhaya, karibu na pwani. Mwaka 1785 Rana Sartanji akahamishia makao makuu Porbandar penyewe, bandarini. Ukoo wa milimani ukawa ukoo wa pwani.

Uamuzi huo ndio uliowaokoa. Bandari iliuza na kununua Malabar, Sindh, Ghuba ya Uajemi, Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki. Majahazi yalishuka huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Nchi kavu nayo ilikuwa na hazina yake: jiwe la chokaa la Porbandar, laini kuchonga, lililosafirishwa kwenda kujenga Bombay. Wajenzi wa huko waliweza kulipanga bila saruji wala chokaa, na kwa unyevu wa mvua mawe yakashikana hata ukuta ukawa kama jabali moja. Mwaka 1807 watawala wa Kathiawar, Porbandar ikiwamo, waliingia katika mapatano na Waingereza yaliyosimamiwa na Kanali Alexander Walker. Tangu hapo mtawala alipata ulinzi, lakini pia alipata msimamizi.

Mtu aliyebeba mzigo wa kila siku wa utawala alikuwa diwan, yaani waziri mkuu. Cheo hicho kilishikwa kwa vizazi na ukoo wa Gandhi, watu wa jamii ya wafanyabiashara, si Rajput. Uttamchand Gandhi ndiye aliyewajengea jina. Rana Khimoji alipofariki mwaka 1831, mrithi wake Vikmatji alikuwa bado mtoto, na Malkia Rupaliba akashika hatamu. Inasimuliwa kwamba mtunza ghala mmoja aliyekataa kutimiza matakwa ya watu wa malkia alikimbilia kwa Uttamchand, naye akakataa kumtoa. Malkia akaamuru nyumba ya waziri wake ipigwe mizinga. Mlinzi wa Uttamchand, askari wa Kimakrani na Mwislamu, aliuawa akiulinda mlango wa bwana wake Mhindu.

Uttamchand akahamia kwa Nawab wa Junagadh. Alipofika mbele yake alimsalimu kwa mkono wa kushoto. Watu wakashangaa ufidhuli huo, naye akaeleza kwamba mkono wa kulia ulikwisha kuwekwa ahadi kwa Porbandar. Hapa tunaona uaminifu uliokuwa mpana kuliko woga na chuki: alikuwa ametimuliwa kwa mizinga, lakini hakuikana nchi yake. Mwanawe Karamchand naye akawa diwan wa Porbandar, na baada yake ndugu yake Tulsidas.

Vikmatji alitawala hadi mwaka 1900, utawala mrefu wenye doa zito. Mwaka 1869 Waingereza waliishusha Porbandar kutoka daraja la kwanza hadi la tatu kwa sababu ya adhabu ya kikatili aliyoitoa. Mwaka huohuo, tarehe 2 Oktoba, Karamchand alipata mtoto wa kiume, Mohandas, ambaye baadaye alijulikana kama Mahatma Gandhi. Kufikia mwaka 1888 usimamizi wa ufalme ulikuwa mikononi mwa afisa Mwingereza, Frederick Lely. Mohandas, akitafuta ufadhili wa kusoma Uingereza, alisafiri kwa gari la ng'ombe hadi Dhoraji, kisha akapanda ngamia ili awahi kufika Porbandar kwa siku moja. Lely alimjibu huku akipanda ngazi: apate kwanza shahada, ndipo arudi. Serikali iliyotumikiwa na babu na baba haikuwa na la kumpa mjukuu.

Wafanyabiashara ndio waliomfungulia njia. Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, ya Wamemoni wa Porbandar, ilimwajiri, akiwa sasa mwanasheria, kwenda Afrika Kusini kwa shughuli za kesi ya kampuni hiyo. Meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar, njia ileile ya majahazi ya kwao. Wengine wengi walifuata njia hiyo. Nanji Kalidas Mehta, aliyezaliwa kijiji cha Gorana karibu na Porbandar, alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda, mwaka 1924.

Mtawala wa mwisho, Natwarsinhji, alikuwa amelielewa somo la ukoo wake. Mwaka 1932 aliteuliwa nahodha wa timu ya kriketi ya India iliyozuru Uingereza. Ilipofika mechi rasmi ya kwanza ya kimataifa katika historia ya India, uwanja wa Lord's, yeye mfalme aliketi pembeni, akamwachia unahodha C. K. Nayudu, mchezaji aliyemzidi kwa mbali. Katika zama ambazo cheo kilitangulia uwezo, hilo lilikuwa tendo la heshima kubwa. Tarehe 15 Februari 1948 nchi yake iliungana na tawala nyingine za Kathiawar, ndio mwanzo wa jimbo la Saurashtra. Yeye alifariki mwaka 1979.

Mwaka 1950 ukumbi wa Kirti Mandir ulifunguliwa ubavuni mwa nyumba ya kale ya akina Gandhi, kwa fedha za Mehta, zilizochumwa kwa sehemu kubwa katika mashamba ya Uganda. Wageni wanaofika Porbandar leo huelekea huko kwanza, kabla ya kasri za Wajethwa. Hilo si dharau kwa ukoo wa kifalme. Ukoo ulichagua bandari, na ukawapa kazi watu wenye uwezo kutoka nje ya damu yao. Anayeandika historia ya falme ndogo, za Kathiawar au za pwani yetu, na aorodheshe watawala kama ilivyo desturi. Lakini asiishie hapo bila kuwaandika mawaziri, walinzi, mabaharia na wafanyabiashara, maana wao ndio waliouweka ufalme hai.