Remmy Ongala: Gita la Kindu, Sauti ya Wanyonge wa Dar es Salaam

Miaka ya 1970 wanamuziki wa Zaire, yaani Kongo ya leo, walimiminika Dar es Salaam. Bendi ya Maquis du Zaire ilipiga kambi, Ndala Kasheba akavuma kwa gita lake la nyuzi 12, na King Kikii akaja kutoka Lubumbashi. Mwaka 1978 akaingia Ramadhani Mtoro Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini humo, kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Alikuwa na umri wa miaka 31. Wenzake walisifika kwa vidole. Yeye alikuja kusifika kwa vidole na mdomo.

Alizaliwa mwaka 1947, tayari ana meno mawili. Kwao hiyo ilikuwa dalili ya mganga, na mama yake aliagizwa asimkate nywele. Umaarufu ulipokuja, watu walimwita Dokta Remmy, na rasta zake zikawa alama yake jukwaani.

Kilichompa nafasi ya kusema ni namna bendi zilivyoendeshwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana ya chama tawala, na polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa huko alikuwa mwajiriwa na mwajiri wake alikuwa dola. Wakongo wengi walikuwa chini ya mwenye vyombo, mfanyabiashara aliyemiliki magita na spika, na riziki ilitoka kwenye kiingilio cha mlangoni. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar na kuingia bendi ya Matimila, ambayo baadaye ikawa Super Matimila. Bosi wake halisi sasa alikuwa mlipa kiingilio, na huyo hakuwa tajiri.

Muundo wa muziki wenyewe ulimfaa. Wimbo huanza taratibu, maneno yakisikika sawasawa. Gita la ridhimu hushika mwendo, solo hujibu uimbaji. Kisha sebene huchemka, magita yakipokezana vipande vifupi vinavyorudiwa hadi ukumbi mzima unacheza. Wapigaji wengi hapo huliachia gita kazi yote. Remmy aliendelea kuzungumza na watu juu ya mapigo hayo: kifo, umaskini, ubaguzi. Wimbo wake "Sauti ya Mnyonge" umebeba msimamo huo tangu kwenye jina.

Ukimwi uliposhika kasi alitoa wimbo "Mambo kwa Soksi", akihimiza kondomu waziwazi. Radio Tanzania ilikataa kuupiga, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na redio binafsi. Kwa mwanamuziki aliyetegemea redio hilo lingekuwa pigo kubwa. Yeye alikuwa na kumbi, na wimbo ukavuma bila kupigwa hewani.

Kufikia hapo ng'ambo walishamjua. Mwaka 1988 Super Matimila walizunguka na tamasha la WOMAD, kisha Real World, lebo ya Uingereza ya Peter Gabriel, ikatoa albamu "Songs for the Poor Man" mwaka 1989 na "Mambo" mwaka 1992. Katika albamu ya pili aliimba pia kwa Kiingereza, ili mgeni naye aelewe. Miaka ya mwisho aliacha dansi akaimba injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na kituo cha basi cha Sinza kwa Remmy kimebaki na jina lake.

Anayetaka kumwandikia historia asitosheke na albamu za Uingereza, ambazo ni rahisi kupatikana. Zilirekodiwa kwa ajili ya msikilizaji asiyejua Kiswahili, na nguvu ya Remmy ilikuwa kwa msikilizaji anayejibu. Kanda za Radio Tanzania, zilizorithiwa na TBC, na kumbukumbu za waliolipa kiingilio ndizo zitakazoeleza jinsi mtu wa Kindu alivyowasemea Waswahili wa Dar mambo ambayo waajiriwa wa dola hawakuthubutu kuyaimba.