Mgombea Asiyegombea

Oktoba 2023 mbunge wa Minnesota, Dean Phillips, alitangaza kumkabili Rais Joe Biden ndani ya chama chao cha Democratic. Nilikuwa zamu ya usiku, mfasiri peke yangu, chai imeshapoa, na dakika kumi kabla ya taarifa nikaandika "mpinzani wa Biden". Taarifa ikasomwa. Haukupita muda, simu ikalia. Alikuwa mzee, kwa sauti yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza: "Mwanangu, huyo mpinzani katoka chama cha Trump, au wameanzisha kingine?"

Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu Tanzania mpinzani ana makazi yake. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, neno hili limeacha kumtaja mtu yeyote anayepinga jambo, likamshika mtu wa upande fulani wa ukumbi: kambi ya upinzani, kiongozi wa upinzani. Anayemkabili mwenyekiti wake ndani ya chama kilekile huitwa majina mengine, na baadhi hayasomeki redioni.

Ningeandika mshindani. Wamarekani wana historia ndefu ya watu hao, na mfano ninaoupenda ni seneta Eugene McCarthy. Machi 12, 1968, katika mchujo wa chama huko New Hampshire, alipata takriban asilimia 42 dhidi ya 49 za Rais Lyndon Johnson, wa chama chake mwenyewe. Kwa hesabu alishindwa. Lakini Machi 31 Johnson akaenda kwenye televisheni na kusema hatagombea tena. Ushindani ulitosha, upinzani haukuhitajika. Uchaguzi wa Novemba 2028 utatupumzisha na utata huu, maana Donald Trump ameshachaguliwa mara mbili na Marekebisho ya 22 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1951, yanamzuia kuchaguliwa mara ya tatu. Hakuna rais atakayekuwa anatetea kiti. Washindani watakuwa wao kwa wao.

Ila hata hapo tunakwenda mbio mno. Nafungua habari za 2028 na kuona JD Vance "mgombea", Gavin Newsom "mgombea", Pete Buttigieg "mgombea", wakati mwandishi wa Kimarekani aliyefasiriwa alisema tu kwamba majina yao yanatajwa. Kugombea kuna vumbi ndani yake. Ni jamaa wa kugomba na kugombana. Watoto wawili wakigombea kitumbua cha mwisho, kila mmoja mkono wake uko sahanini. Sasa mtu ambaye mkono wake bado uko mfukoni anagombea nini? Wakenya wana mwaniaji, neno lililo laini kidogo, lenye harufu ya uwanja wa michezo, kwani hata kombe huwaniwa. Lakini mwaniaji naye tayari anakimbia.

Neno tunalolihitaji tunalo, nalo limekaa katika siasa za Tanzania bila kuheshimiwa inavyostahili: mtia nia. Mwaka 2015, wanachama wa CCM 42 walipochukua fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais, magazeti yalijaa watia nia. Nadhani wengi walilitumia kwa kejeli, kama kusema, na huyu naye. Mimi nalisikia kwa sikio jingine. Kabla ya kuingia siasani, nia ilikuwa ya ibada. Usiku wa Ramadhani mtu hutia nia ya kufunga kabla ya alfajiri, na tulifundishwa chuoni kwamba mahali pa nia ni moyoni. Jirani haioni. Unaweza kukaa na mtu jamvi moja, mkala daku pamoja, usijue kama ametia nia au amekula tu.

Na hapo ndipo sheria ya Marekani inaponichekesha, maana imejaribu kuupima moyo huo kwa dola. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho inamruhusu mtu "kupima maji": kuzunguka, kupiga simu, kulipia tafiti za maoni, hata kukusanya fedha kwa ajili hiyo, bila kujisajili, alimradi hajaamua. Akishaamua, na fedha alizokusanya au kutumia zikazidi dola 5,000, anahesabiwa kuwa mgombea. Ndiyo maana wanasiasa wao wana ulimi wa ajabu. Newsom alizunguka South Carolina Julai 2025, jimbo ambalo mchujo rasmi wa Democratic wa 2024 ulianzia huko. Barack Obama alichapisha kitabu Oktoba 2006 na kutangaza kugombea Februari 2007. Mguu umo majini, mdomo uko nchi kavu. Kiswahili cha magazeti hakina subira ya kupima maji. Chetu ni kujitosa, na anayejitosa huingia mzima, na nguo zake.

Theodore Roosevelt naye alisema mwaka 1912 kwamba kofia yake imo ulingoni, kwa desturi ya zamani ya ndondi, ambapo anayetaka pambano alirusha kofia. Kofia nzuri, lakini isifasiriwe. Msikilizaji atauliza nani kaiokota.

Kwa upande wa wanaobashiri tuna utajiri. Mtu hupigiwa debe, au hupigiwa upatu, na wengi huyachanganya. Mpiga debe namjua: yuko stendi, anagonga bati la daladala kwa kiganja, anaita Mbagala, Mbagala, basi likijaa anapokea chake na kubaki palepale. Hasafiri. Upatu ni ule wa shaba wa kwenye ngoma, na anayepigiwa upatu ndiye ambaye watu wanasema wazi kwamba atashinda. Wachambuzi wengi wa Washington hudhani wanapiga upatu, kumbe wako stendi.

Mtego mkubwa zaidi ni kura za maoni. Mwambie Mtanzania kwamba fulani anaongoza kura za maoni New Hampshire, atadhani wanachama wameshapiga kura na kazi imekwisha, kwa sababu hilo ndilo jina la mchujo wa ndani wa CCM. Mzanzibari atakumbuka Julai 2010, walipoulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Mkenya atakumbuka katiba, Agosti mwaka uleule. Na mwandishi wa Kimarekani alikuwa na maana ya watu mia kadhaa waliopigiwa simu. Siku hizi naandika utafiti wa maoni, na mchujo nauacha uwe mchujo, kama tui linavyopita kwenye kifumbu na machicha kubaki.

Kipimo changu cha istilahi hizi zote ni Mario Cuomo, aliyekuwa gavana wa New York. Msimu wote wa vuli 1991 alisemwa atagombea, hatagombea, hadi wakambandika jina la Hamlet wa mto Hudson. Ijumaa ya Desemba 20, ndege iliyokodiwa ilimsubiri uwanjani Albany impeleke New Hampshire, ambako dirisha la fomu lilifungwa saa kumi na moja jioni na ada ilikuwa dola 1,000. Alasiri ile Cuomo akawaita waandishi akasema bajeti ya jimbo haijaisha, haendi. Alitajwa, alipigiwa upatu, alipima maji hadi magotini. Mgombea hakuwa hata kwa dakika moja, na kama alitia nia, anajua yeye.

Kwa hiyo katika habari za 2028 naandika "anayetajwa". Msomaji wa taarifa halipendi. Anasema linamkwama, na mgombea linateleza. Wiki hii tumeshagombana mara mbili.