Ratiba Ikitoka, Same Wanauliza Kwanza Saa Ngapi

Bodi ya Ligi ikiachia tu ratiba ya msimu mpya, mitandao inawaka. Dar watu wanabishana nani kapewa mteremko na nani kabebwa. Same mambo ni tofauti kidogo. Pale stendi, kwa madereva wa Noah za kwenda Gonja na Mamba, mpaka kwenye vibanda umiza, skrinishoti ya ratiba inakuzwa kwa vidole kutafuta vitu vitatu: siku, saa na uwanja. Mpinzani atajulikana mbele ya safari. Kwani si kila timu itakutana na kila timu mara mbili?

Ukiangalia ramani utawaelewa. Same iko kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Arusha, basi zote zinapita hapo, lakini mpira wa Ligi Kuu haushuki. Dabi ya Kariakoo ndiyo kabisa, iko zaidi ya kilomita 400. Na shabiki wa Chome au Vudee anaanza kwanza kuteremka mlima kabla hata hajaiona lami.

Ligi yenyewe ilianza 1965, bingwa wa kwanza akiwa Sunderland, ndio Simba ya leo. Enzi hizo na miongo iliyofuata, ratiba ilikuwa sauti. Ukiikosa kwenye Radio Tanzania, unasubiri gazeti lishuke na basi kutoka Dar, na hapo mchana umeshaenda. Habari za kubishana saa ya mechi hazikuwepo sana, maana mpira ulikuwa wa jioni, jua likiwepo.

Shida ya saa ilikuja na mabasi. Miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha kwa sababu ya ajali na ujambazi, na marufuku hiyo ikakaa kama miaka 30. Sasa piga hesabu. Mechi ianze saa 10 jioni, iishe saa 12. Basi la kurudi kaskazini halipo mpaka alfajiri. Kwa hiyo dakika 90 za mpira zilikula siku mbili: moja ya kwenda, usiku wa kulala kwa shangazi Ubungo au Kimara, na nyingine ya kurudi. Watani wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya mbuzi. Basi kwa Simba na Yanga ng'ombe wa namna hiyo wameuzwa sana!

Halafu ikaja Azam TV mwishoni mwa 2013, na mechi zikaanza kupangwa kwa saa za televisheni. Taa zikawashwa, mechi za saa 1 usiku zikawa kawaida. Kwa kibanda umiza hiyo ni neema, mteja ameshafunga duka na anakuja na hela. Kwa anayetaka kwenda uwanjani, hapo ndipo alipoumizwa. Afadhali Oktoba 2023, basi zilipoanza tena kutembea usiku kwa vibali.

Hata kikapu kimewahi kuwafundisha watu somo hili la saa. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ghafla Watanzania wakawa na timu Marekani. Ila mechi ya saa 1 usiku Memphis ni saa 10 alfajiri huku, msimu wa baridi kule. Wengi walibaki kusoma matokeo.

Ndiyo maana kwenye ratiba watu wa Same wanafurahia mistari ambayo Dar hawaijali. Coastal Union nyumbani, kwa mfano. Agosti 2023 Ngao ya Jamii ilipelekwa Mkwakwani, Tanga, fainali ikawa Simba na Yanga, Simba akashinda kwa penalti. Oktoba 2024 Coastal wakaipokea Yanga Arusha, pale Sheikh Amri Abeid. Arusha ni kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, unalala kwako.

Sasa tuje kwenye kidonda. Mei 8, 2021, Jumamosi, dabi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo ya mechi likatoka tangazo kwamba imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa saa ya zamani, wakapasha, wakaondoka wakisema kanuni inataka saa 24. Simba wakaja kwa saa mpya. Mpira haukuchezwa. Ulikuja kuchezwa Julai 3, Yanga akashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya. Wote mjini walirudi nyumbani kwa daladala wakiwa na hasira. Aliyetoka Same alirudi na hasira, halafu na kilomita 400 mbele yake.

Ungedhani imetosha. Machi 8, 2025, Jumamosi tena, Simba wakagoma kwa madai kwamba walizuiwa kufanya mazoezi Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Bodi ikaahirisha siku ile ile, watu wa mikoani wakiwa wameshafika Dar. Ikapangwa Juni 15, ambayo ni Jumapili, ikasogezwa tena hadi Juni 25. Jumatano! Bodi waliandika tarehe tu, lakini mwenye duka Same au mwalimu wa Mbaga alikuwa anasoma kitu kingine kabisa: kufunga duka katikati ya wiki au kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na nauli juu, baada ya ile ya Machi kupotea hewani.

Yanga akashinda 2-0, Pacome na Mzize, ubingwa ukaenda Jangwani. Wa Simba waliobaki kibandani Same angalau waliokoa nauli ya pili.