Mitungi ya Viungo vya Maiti

Mitungi minne ya namna hii, ya mawe ya chokaa, iliwekwa kaburini karibu na jeneza katika Misri ya kale. Kifuniko chenye kichwa cha mtu ni Imsety, mlinzi wa ini. Nyani ni Hapy, wa mapafu. Mbweha ni Duamutef, wa tumbo. Kipanga ni Qebehsenuef, wa utumbo. Viungo hivi vilitolewa mapema kwa kuwa huoza upesi, kisha mwili ukafukiwa katika magadi hadi ukauke. Moyo uliachwa mahali pake, maana ndio uliopimwa mbele ya Osiris, mungu wa wafu. Ubongo walioutoa hawakuutengea mtungi.

Je, mitungi ilikuwa vyombo vya kuhifadhia tu? Hapana, kazi yake kuu ilikuwa ulinzi. Wakati wa nasaba ya 21, kuanzia yapata mwaka 1070 KK, viungo vilikaushwa, vikafungwa kwa kitani na kurudishwa mwilini, lakini matajiri waliendelea kuzikwa na mitungi, mingine ikiwa jiwe gumu lisilotobolewa ndani. Huenda mtu akasema hayo yalikuwa mazoea. Lakini mazoea hayaelezi kwa nini ndani ya maiti, pamoja na vifurushi vya viungo, waliwekwa walinzi wale wale wanne, safari hii wakifinyangwa kwa nta.