Mtoto, Maziko na Kumbukumbu ya Marehemu: Kisa cha Jacob Wainwright

Mtoto anapofiwa, wakubwa wengi humwambia kwamba marehemu amesafiri. Kauli hiyo haikosekani Masanze wilayani Kilosa, wala kwingineko nchini, na nia yake ni njema. Makala haya yanaihoji kwa njia ya historia. Katika miongo ya mwanzo ya Ukristo wa bara, wapo watoto waliofundishwa maneno ya maziko, na baadaye wakayahitaji.

Mfano ulio wazi ni wa Jacob Wainwright, Myao aliyetekwa utotoni, akaokolewa na Waingereza na kupelekwa India, katika shule ya Church Missionary Society huko Nashik. Hapo alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza, na ibada za Kianglikana. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, hapakuwa na kasisi. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliutoa moyo wake na kuuzika chini ya mti. Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko, kisha akachonga jina la marehemu kwenye shina. Mwili uliobaki ulitiwa chumvi na kuanikwa juani kwa takriban wiki mbili, ukaanza kubebwa kuelekea pwani.

Njiani kulikuwa na shida, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Walipotoka Unyanyembe, wabebaji walijifanya wameirudisha maiti nyuma ikazikwe. Wakaondoka na furushi la uongo, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Huyu, basi, alisafiri kweli. Lakini waliombeba walijua wamebeba nini.

Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo, kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, iliyolea watoto waliokombolewa utumwani. Hapa ndipo hoja yetu inapopata uzito. Kwa Wasagara na Wakaguru wa Kilosa, marehemu ana watu wake: ukoo wa mama ndio unaomlilia, kumtambikia na kurithisha jina lake. Mtoto aliyekombolewa alikuwa amekatwa na ukoo huo. Asiye na shangazi wala mjomba wa kumkumbusha wafu wake alihitaji maneno anayoweza kuyasoma mwenyewe, na siku katika mwaka, kama tarehe 2 Novemba, ya kuwataja. Ni kosa kuliona funzo hilo kuwa ukatili kwa watoto. Kwa wengi wao kifo kilikuwa kimekwisha kupita mbele ya macho yao.

Tarehe 18 Aprili 1874 Wainwright alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza ndani ya Westminster Abbey, London. Susi na Chuma waliwasili Uingereza maziko yakiwa yamekwisha. Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892.