Kukaza ngozi ya uso bila kisu: kipi kinafanya kazi?

Mimi mzaliwa wa Mombasa, lakini kwa miaka sasa naishi Umoja, Nairobi. Kutoka hapa hadi Buruburu, Donholm na Kayole, ni nadra kupita maduka bila kukutana na bango la kukaza ngozi ya uso "bila kisu". Jamaa wa Pwani hunipigia simu wakiuliza kama waje kujaribu, basi nimeona niwajibu wote hapa.

Ngozi hulegea kwa sababu kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia kwa ndani, hupungua kwa umri, na jua na sigara huzidisha. Mashine nyingi hufanya jambo moja tu: hupasha joto tabaka la chini la ngozi mpaka nyuzi zijikunje na mwili uanze kutengeneza nyingine. Ya masafa ya redio hupasha eneo pana. Ya mawimbi ya sauti, HIFU, hukusanya joto kwenye nukta ndogo ndogo, kwa kawaida kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5. Matokeo huchukua miezi miwili mitatu, na ni ya wastani. Anayekuonyesha uso umekaza dakika ile ile, mara nyingi anakuonyesha uvimbe.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuwe waangalifu zaidi na leza. Mwanga wake hufyonzwa na melanini, kwa hivyo mashine isiyofaa, au iliyopandishwa nguvu, huunguza na kuacha mabaka. Ile ya nanomita 1064 ndiyo salama zaidi kwetu. Masafa ya redio na HIFU hayachagui rangi, ila HIFU ikielekezwa vibaya inaweza kujeruhi neva ya uso au kuyeyusha mafuta ya shavu, ukarudi nyumbani umekonda uso kuliko ulivyokwenda. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiguswe na masafa ya redio. Mjamzito asubiri.

Sindano ni habari nyingine, ingawa mabango huzichanganya. Botox haikazi ngozi. Hulegeza misuli inayoikunja, kwa miezi mitatu au minne. Filla hujaza palipobonyea. Ikiingia kwenye mshipa wa damu yaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Filla za asidi ya hayaluroniki zina dawa ya kuziyeyusha, nami humwambia kila anayeniuliza: kabla hujalala kitandani, uliza dawa hiyo iko wapi. Isipokuwepo chumbani, vaa viatu vyako. Zile kalamu zinazosukuma filla bila sindano, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizitolea onyo mwaka 2021.

Cheti cha urembo kilichotundikwa ukutani si leseni ya kudunga watu. Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya madaktari waliosajiliwa kwenye tovuti yake. Tafuta jina la huyo "daktari" kabla ya kulipa. Oktoba 2024 baraza hilo lilifunga kliniki moja ya urembo Nairobi baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kupunguza mafuta. Ule ulikuwa upasuaji, lakini swali la nani anakushika ni lile lile.

Kwa mfuko mdogo, mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 kila asubuhi yana faida kuliko kikao kimoja cha mashine isiyojulikana. Krimu ya tretinoini husaidia kolajeni pia, kwa ushauri wa daktari, na si kwa mjamzito. Liwa yetu hupoza na kunukia. Ikikauka unahisi uso umekazika, ukinawa imekwisha. Krimu za kopo lisiloandikwa viungo ziacheni huko huko sokoni, kwani nyingine zina zebaki, nayo huharibu figo.